Karatasi Iliyowaonyesha Watoto wa Japani Njia za Kazi

Mwulize mtoto wa darasa la tano atakuwa nani akikua. Jibu linakuja upesi: daktari, rubani, mwanajeshi, mwanasoka. Sasa mwulize daktari huanzia wapi, hupitia wapi, na nini huweza kumkwamisha njiani. Hapo hupati jibu. Mimi hufundisha useremala katika chuo cha ufundi hapa Tanga, na vijana wanaonijia wakiwa na miaka 16 au 17 bado wana pengo hilo hilo. Wanajua wanataka kuwa mafundi wakubwa. Kati ya leo na huo ukubwa hawaoni kitu.

Ndiyo maana niliposoma habari za sugoroku sikuweza kuziacha. Sugoroku ni mchezo wa dadu wa Kijapani unaochezwa juu ya karatasi kubwa yenye picha. Katika karne ya 19 aina moja ya mchezo huo ilihusu kazi na vyeo. Mchezaji alianzia chini kabisa, pengine mtoto wa kutumwatumwa dukani au kijakazi wa jikoni. Akitupa dadu, dadu humpeleka kazi hadi kazi, cheo hadi cheo, mpaka afike juu au akwame. Wajapani waliuita shusse sugoroku, yaani sugoroku ya kupanda maishani. Kwangu mimi, ni kimojawapo cha vifaa bora vya kufundishia ambavyo binadamu amewahi kubuni, na kilitengenezwa kwa karatasi tu.

Kutoka peponi hadi dukani

Jina la sugoroku ni la kale. Mwaka 689 Malkia Jitō, aliyeitawala Japani wakati huo, aliupiga marufuku mchezo wenye jina hilo. Huo ulikuwa mchezo wa ubao na kete uliotoka China, na watu waliuchezea kamari. Sugoroku ya picha ni nyingine. Mojawapo ya zile za mwanzo ilikuwa ya dini ya Kibudha: mchezaji alisafiri kutoka ulimwengu huu kuelekea peponi, na dadu mbaya iliweza kumtumbukiza motoni. Dadu ya mchezo huo haikuwa na vitone. Kila upande ulikuwa na herufi moja ya maneno ya sala.

Halafu ikaja enzi ya Edo, iliyoanza mwaka 1603 na kumalizika 1868. Mji wa Edo, ambao leo ndio Tokyo, ulikua hadi kuwa na watu wapatao milioni moja. Kuanzia mwaka 1765 wachapaji wa mji huo walikuwa wakitoa picha za rangi nyingi kwa mbao zilizochongwa, na bei yake ikawa ya kufikika na watu wa kawaida. Sugoroku ikaingia katika biashara hiyo na kupata mada za kila aina. Kulikuwa na ya safari ya barabara ya Tōkaidō, kutoka Edo hadi Kyoto, yenye vituo 53. Kulikuwa na za waigizaji mashuhuri. Na kulikuwa na za kazi.

Zilichezwa zaidi wakati wa Mwaka Mpya, familia ikiwa imekaa pamoja sakafuni. Karatasi hutandazwa katikati, kila mtu huweka kitu chake kidogo cha kusogeza, na dadu huzunguka. Watoto wengi wa mjini walisoma katika shule ndogo za mitaani, kwa hiyo waliweza kusoma maandishi mepesi yaliyo kando ya kila picha. Wasiojua kusoma walisomewa na dada au kaka zao. Mchezo ukawa somo la kusoma bila mtu kuutangaza hivyo.

Dadu inayosema nenda huku

Hapa inabidi niende polepole, kwa sababu uzuri wote uko kwenye kanuni.

Sugoroku za picha ni za aina mbili kubwa. Ya kwanza ni ya kuzunguka: miraba imepangwa kama konokono, unaanza pembeni, unahesabu kadiri dadu inavyosema, unaelekea katikati. Huu ni ndugu wa michezo tunayoijua. Ya pili ni ya kuruka, na sugoroku nyingi za kazi zilikuwa za namna hii. Katika mchezo wa kuruka huhesabu miraba. Kila mraba una picha ya mtu akiwa kazini, na kando ya picha pana orodha fupi ya namba za dadu na mahali zinapokupeleka.

Tuseme umesimama kwenye mraba wa mtoto wa dukani. Orodha inasema: ukipata 1, nenda kwa karani, ukipata 4, nenda kwa mchuuzi wa barabarani, ukipata 6, nenda kwa mlevi. Umetupa dadu, ikasimama kwenye 3. Namba 3 haimo katika orodha. Unabaki pale pale, unapisha wenzako, unasubiri zamu. Ukirudi ukapata 1, unaruka hadi kwa karani, ambaye naye ana orodha yake nyingine kabisa. Mraba wa mwisho, ulio juu katikati na mkubwa kuliko yote, una milango michache tu. Mtu anaweza kusimama hatua moja kabla ya ushindi akazunguka huku na huko muda mrefu kwa kuwa namba yake haitoki.

Linganisha na ludo, inayochezwa kwenye kila baraza ya pwani yetu. Katika ludo mraba mmoja hauna tofauti na mwingine. La maana ni kufika nyumbani na kutokuliwa njiani. Katika sugoroku ya kuruka, kila mahali pana milango yake. Kutoka kwa karani unaweza kufika kwa msimamizi. Kutoka kwa mchuuzi huwezi, mpaka kwanza upitie pengine. Mtoto aliyeucheza mchezo huu Mwaka Mpya mzima alijua, bila kukaririshwa, kwamba kazi zimeunganishwa, kwamba kazi fulani hufungua njia ya nyingine, na kwamba ziko zisizofungua chochote.

Ngazi ya duka na ngazi ya kasri

Ngazi hizo hazikubuniwa na mchoraji. Mtoto wa Edo aliziona mtaani. Maduka makubwa ya vitambaa, kama Echigoya ya ukoo wa Mitsui iliyofunguliwa Edo mwaka 1673, yaliwachukua wavulana wa miaka kama 10 au 12. Mvulana huyo aliitwa detchi. Alifagia, alitumwa, alibeba mizigo, alilala humo humo dukani. Hakulipwa mshahara, alipewa chakula na nguo, na siku mbili kwa mwaka, moja ya majira ya baridi na moja ya kiangazi, aliruhusiwa kwenda kuwaona wazazi wake. Usiku alifundishwa kuandika na kupiga hesabu kwa abakasi.

Akivumilia, alipanda kuwa tedai, karani wa kuhudumia wateja. Baada ya miaka mingi, wachache walifika kuwa bantō, msimamizi mwenye kuaminiwa na fedha. Na juu ya hapo palikuwa na heshima moja kubwa: mwenye duka aliweza kumruhusu mtumishi wake wa siku nyingi kufungua duka lake mwenyewe kwa kutumia jina la duka mama, akipewa pazia lenye alama ya ukoo la kutundika mlangoni. Wengi waliondoka kabla ya kufika huko. Waliougua, waliotoroka, waliofukuzwa, wote walikuwa sehemu ya ngazi ile, na michezo ya kazi haikuwaficha. Kando ya miraba ya kupanda palikuwa na miraba ya ulevi, kamari na ufukara.

Wasichana walikuwa na karatasi zao. Utagawa Kunisada, mmoja wa wachoraji waliouza sana katika karne ya 19, alichora sugoroku ya utumishi wa ndani, maisha ya wanawake waliofanya kazi katika makao ya watawala. Binti wa mfanyabiashara wa mjini aliweza kwenda kutumikia katika kasri la shogun, mtawala mkuu wa kijeshi wa nchi, au jumba la mtawala wa jimbo. Ili akubaliwe alijifunza kwanza ngoma, kupiga ala ya nyuzi iitwayo shamisen na adabu, na akirudi nyumbani alikuwa na sifa nzuri ya kuolewa. Ndani ya makao hayo vyeo vilikuwa vingi, kutoka kwa wabeba maji na wapishi hadi kwa wanawake wazee waliotoa amri. Mabinti walijua hadithi ya Keishō-in, ambaye inasimuliwa kuwa alikuwa binti wa muuza mboga wa Kyoto, naye akaja kuwa mama wa shogun wa tano, Tokugawa Tsunayoshi.

Sisemi maisha hayo yalikuwa mema. Mtoto wa miaka 10 kulala dukani mbali na mama yake ni jambo zito, na binti aliyepimwa kwa ndoa atakayoipata hakuwa huru. Ninachosema ni kwamba mchezo haukumdanganya mtoto kuhusu njia. Ulimwonyesha jiko pamoja na kiti cha enzi.

Mikono iliyoifanya karatasi

Mtu wa mbao hawezi kuitazama karatasi hii asiulize imechongwaje. Kwanza mchoraji huchora kwa wino kwenye karatasi nyembamba. Mchongaji huibandika karatasi hiyo kifudifudi juu ya ubao wa mti wa cheri, mti mgumu wenye nyuzi laini zilizolingana, kisha huchonga na kuondoa kila kisichokuwa mstari. Mchoro wa asili huishia hapo, umeliwa na patasi. Ubao umepasuliwa kufuata urefu wa mti, kwa hiyo kisu kinachokata kufuata nyuzi huteleza na kinachokata kukatisha nyuzi hugoma, na mkono wa mchongaji lazima ujue tofauti hiyo kila baada ya unywele mmoja. Kwa kila rangi huchongwa ubao wake. Ukingoni mwa kila ubao huachwa alama mbili ndogo, moja ya pembe mraba na moja ya mstari ulionyooka, ili karatasi ikilazwa juu ya ubao wa pili, wa tatu, wa nane, rangi ziangukie mahali pake. Mchapaji hupaka rangi kwa brashi, hulaza karatasi, na kuisugua mgongoni kwa kisahani bapa kilichofunikwa kwa ganda la mwanzi. Hakuna mashine.

Nimewapa vijana wangu kazi ya kuchonga namba na herufi kinyumenyume juu ya ubao wa mninga. Mninga hukubali patasi, ni mti wa hisani, lakini vinyweleo vyake ni vikubwa, na mstari mwembamba hukatika katikati kabla hujaumaliza. Mkunjo wa 3 unavunjika. Jicho la 6 linajaa. Baada ya zoezi hilo ndipo walipoitazama upya picha ya sugoroku ya kuruka, yenye miraba kwa makumi, na kando ya kila mraba orodha ya namba na majina, yote yamechongwa kwa mkono, kinyumenyume, madogo kama mbegu za ufuta. Namba moja ikikosewa, mchezo mzima unavurugika, kwa kuwa mtu ataruka kusikotakiwa. Mchongaji aliyekosea hakutupa ubao. Alichimba kijishimo, akapachika kipande kipya kilichobana sawasawa, akachonga tena. Fundi yeyote wa Tanga angempa mkono.

Tazama sasa jina lililo pembeni mwa karatasi. Lipo la mchoraji, lipo la mchapishaji aliyetoa mtaji. La mchongaji mara nyingi halipo; katikati ya karne ya 19 wachache tu walianza kuwekewa muhuri wao. Karatasi iliyokuwa ikiwafundisha watoto kuheshimu kazi ilitengenezwa na watu ambao wengi wao hatujui hata majina yao. Hilo huniuma, na huwaambia wanafunzi wangu waandike majina yao chini ya kila kiti wanachokimaliza.

Enzi mpya, miraba mipya

Mwaka 1868 utawala wa mashogun ulianguka na enzi ya Meiji ikaanza. Mgawanyo wa kale wa askari, wakulima, mafundi na wafanyabiashara ulifutwa kisheria. Mwaka 1871 Nakamura Masanao alitoa tafsiri ya kitabu cha Mskoti Samuel Smiles kuhusu watu waliojiinua kwa bidii zao wenyewe, na kikasomwa nchi nzima. Mwaka uliofuata ilitangazwa sheria ya elimu kwa watoto wote, na mwaka huo huo treni ya kwanza ikaanza kwenda kutoka Tokyo hadi Yokohama.

Sugoroku haikubaki nyuma. Miraba ya shule, ya polisi, ya daktari wa kisasa, ya mwanajeshi ikachukua nafasi ya ile ya watumishi wa kasri, na juu kabisa wakakaa mawaziri na majenerali. Kufikia miaka ya 1890 magazeti ya watoto, kama *Shōnen Sekai* lililoanza mwaka 1895, yalikuwa yakitoa sugoroku kama zawadi ya toleo la Mwaka Mpya. Karatasi iliyokuwa bidhaa ya mjini ikafika vijijini ndani ya gazeti.

Katika karne hiyo hiyo Wamarekani nao walikuwa wakiwafundisha watoto maisha kwa mchezo. Mwaka 1860, huko Springfield, Massachusetts, mchapaji kijana Milton Bradley alitoa mchezo wa maisha juu ya ubao wa miraba 64, unaoanzia utotoni na kuishia kwenye uzee wenye furaha. Dadu ilinuka kamari kwa Wakristo wa huko, kwa hiyo aliweka pia ndogo yenye pande sita ya kuzungusha. Mwaka 1886 kampuni ya McLoughlin Brothers ya New York ikatoa mchezo wa kijana mpeleka ujumbe anayepanda kazini kwa uaminifu na kushuka kwa uzembe. Katika michezo hiyo kinachompandisha mtu ni tabia: bidii, ukweli, ujasiri. Bradley hata alimwachia mchezaji kuchagua upande wa kwenda baada ya pia kusimama.

Somo hilo ni zuri, lakini mimi naegemea karatasi ya Kijapani. Kijana wangu akiwa mwaminifu na mwenye bidii, bado anahitaji kujua mlango wa pili uko wapi. Na dadu, ambayo haina upendeleo, humwambia ukweli mwingine: mtu anaweza kufanya kila kitu sawasawa akakwama zamu kadhaa, na kukwama huko si aibu.

Tulichora ya kwetu

Tumeitengeneza sugoroku ya useremala chuoni, kwa manila, kalamu za rangi na dadu ya ludo. Sharti langu lilikuwa moja: hakuna kuandika mraba ambao fundi halisi hajautaja. Vijana wakaenda kwenye karakana za mitaani wakiwa na daftari.

Mraba wa kwanza ulikubaliwa bila ubishi: saidia fundi, anayepiga msasa, kubeba mbao na kununua chai. Ubishi ulianza kwenye mraba wa pili. Wao walitaka 5 impeleke mchezaji moja kwa moja kwenye ufundi. Wazee wa karakana wakakataa. Wakasema ujuzi unaupata mapema, kinachokukalisha ni vifaa. Bila randa, patasi na msumeno wako mwenyewe utabaki saidia fundi hata kama unamzidi bosi wako mkono. Basi tukaweka mraba wa vifaa, na njia ya kuufikia ikapitia upatu, kwa sababu ndivyo wengi wao walivyopata fedha ya kununua seti ya kwanza. Kijumbe wa upatu akapata picha yake.

Mraba wa kuanguka waliutaja wote bila kuulizwa: kuchukua advansi ya mteja, kuitumia, na siku ya kazi hakuna fedha ya mbao. Huo unakurudisha mwanzo kabisa, maana jina likiharibika mtaani hakuna kifaa kinacholitengeneza. Mraba wa kidole kilichokatwa na msumeno wa umeme unakukalisha zamu mbili.

Mraba wa juu ndio uliochukua muda. Wanafunzi walitaka gari na nyumba ya ghorofa. Fundi mmoja mzee, aliyefundisha nusu ya maseremala wa mtaa wake, akasema kwake kufika ni siku ambayo uliyemfundisha anafungua karakana na wateja wako wanaanza kwenda kwake, nawe huoni wivu. Darasa zima lilipiga kura, na mraba huo ndio ukaandikwa juu.

Mwalimu, mzazi, mlezi wa kikundi cha vijana: kazi hii inahitaji manila moja na mchana mmoja. Chora ya uvuvi, ya ushonaji, ya upishi, ya udereva, ya uuguzi. Usiichore peke yako kutoka kichwani, na usiwaache watoto waichore kutoka kwenye ndoto. Wapeleke kwa mwenye kazi, akae nao, awatajie milango yake yote na namba iliyomchelewesha. Wakishajua hayo, hata wakichagua kazi nyingine kabisa, watakuwa wanachagua njia wanayoiona.